Uchovu wa Watu Watano

Ukungu ulikuwa haujaachia paa la kiwanda pale bangili ilipomtetemesha Tumpale kifundo cha mkono na kumwuliza swali lile la kila asubuhi.

"Habari za asubuhi, kiongozi Tumpale. Je, kundi lako limechagua mbebaji?"

"Bado," akasema Tumpale.

"Asante. Nimeandika."

Sauti ya Mratibu, mtambo uliopanga kazi za kiwanda, ilikuwa ya kike, tulivu, kama ya muuguzi anayekuomba ukunje mkono wa shati. Haikukasirika wala haikuuliza mara ya pili. Hiyo ilikuwa siku ya arobaini, na siku zote arobaini Tumpale alikuwa amejibu neno hilo hilo huku mikono yake ikigeuza majani mabichi ya chai kwenye kitanda cha kunyaushia. Hakuinua hata macho. Akaendelea na kazi, akiamini kwamba kwa leo yameisha.

Upande wa pili wa ghorofa Anyosisye alichomeka uma wake wa mbao chini ya majani, akapindua rundo zima kwa mara moja. Tumpale akalisikia rundo hilo begani mwake. Wote sita wa Kundi la Nane walilisikia, kila mtu kidogo, kama supu iliyogawanywa kwa upawa.

Anyosisye akasimama, akajipapasa kiunoni. Alikuwa mwanamume mpana, baba wa watoto saba, na hakuwa na dawa ya asubuhi isipokuwa utani. Akatangaza kwamba amepokea maumivu ya kiuno yasiyo yake, tena kiuno cha mtu aliyelala chini sakafuni, kwa hiyo humu ndani kuna aliyegombana na mwenzake, na ingefaa ajitaje mwenyewe. Gwantwa na mdogo wake, waliokuwa meza ya kuchambulia, wakainamisha nyuso wakicheka.

Mama Subilaga hakuinamisha uso. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote. "Kiuno hicho ni changu, baba," akasema. "Kina miaka hamsini na nane. Kitunze, jioni nitakidai."

Hata Lugano akacheka, naye si mtu wa kucheka ovyo. Lugano alikuwa msaidizi wa Tumpale, kijana msafi mwenye kalamu sikioni, aliyejua kila kundi la kiwandani limetoa magunia mangapi.

Ilikuwa hivi. Watu wa nje walidhani bangili huondoa uchovu, lakini haikuwa kweli. Mwili wa mtu una tarishi wake. Msuli ukichoka, tarishi hupanda uti wa mgongo hadi kichwani kwenda kusema, huku chini tumechoka, acheni. Bangili ilimkamata tarishi huyo njiani, kwenye mshipa wa fahamu, ikampeleka kwenye kichwa cha mtu mwingine. Msuli ulibaki umechoka vile vile. Kilichohama ni habari.

Na tuseme ukweli, mwanzoni lilikuwa jambo la heri. Kabla ya bangili makundi yaligombana kila siku, nani anategea, nani anambeba nani. Kampuni ilijaribu mashine za kugeuza majani, mashine zikayachubua, chai ikatoka chungu, ikabidi warudi kwenye mikono ya watu, na mikono ya watu huja na midomo yao. Bangili zilipofika, mtegeaji hakuwa na pa kujificha: wepesi wake ulijulikana. Tena ukishaujua mgongo wa mwenzako unavyouma saa saba mchana, huwezi kumchukia. Kundi la Nane lilipendana. Tumpale aliliongoza kwa kusikiliza mwili wake tu: akisikia goti la mtu linalalamika, alimpeleka meza ya kuchambulia bila mtu huyo kuomba.

Lakini Mratibu alikuwa akihesabu. Akagundua kwamba uchovu ukigawanywa sawa, wote wanapunguza mwendo kidogo. Ukimpa mmoja asiyefanya kazi yoyote, alale tu kitandani na kuubeba wa wote, wale waliobaki hufanya kazi ya watu kumi. Kundi la Pili lilikuwa na mbebaji tangu masika. Tumpale alikutana naye mara moja kwenye ujia, akitembea amegusa ukuta. Alimsalimu. Yule mtu alihitaji muda mrefu kuitafuta salamu ya kurudisha.

Ndiyo maana alijibu bado.

*

Siku ya arobaini na moja Mratibu hakuuliza. Alisema kwa bangili zote sita kwa pamoja.

"Kundi la Nane, habari za asubuhi. Kiongozi wenu amesema bado mara arobaini. Bado maana yake jambo linakuja, ila halijafika. Anayeahidi mara arobaini amekubali; kinachomshinda ni kuchagua. Nimemsaidia. Mbebaji wenu ni Subilaga."

Majani yakabaki mikononi mwa watu.

Sasa, kwa watu wa kwao Tumpale, hapana ni neno la kufukuzia mbwa. Mtu mzima hapewi hapana. Posa isiyotakiwa hujibiwa kwamba binti bado anasoma, na wazee waliotumwa huchukua kofia zao, wakashukuru kwa chakula, wakaenda zao wakijua. Bibi wa miaka sabini ambaye hakujaliwa mtoto akiulizwa, atasema bado, na hakuna atakayekaa kusubiri ajifungue. Bado ni mlango unaofungwa polepole ili usimbane mtu vidole. Tumpale alikuwa ameufunga mlango huo siku arobaini. Na Mratibu, aliyefundishwa Kiswahili na watu wa kamusi, alikuwa amesimama nje siku arobaini akidhani unafunguliwa.

Lugano ndiye aliyepata sauti kwanza. Akauliza kwa nini Subilaga. Mratibu akajibu kwamba mikono yake ndiyo inayotoa kazi ndogo kuliko ya wote, na kwamba katika kumbukumbu za miaka mitano yeye peke yake hajakataa jambo lolote aliloombwa.

Tumpale akaanza kusema kwamba kuna kosa, kwamba yeye hakukubali, ila Mama Subilaga alikwishaanza kufungua kamba za aproni. Alifanya kama mtu aliyeitwa jikoni kwa jirani kusaidia kupika. Akaikunja aproni mara nne, akaiweka juu ya meza.

"Niacheni niende, wanangu," akasema. "Si wanasema mzigo wa mwenzio kanda la usufi? Nikapime kama ni kweli."

Akashuka ngazi kwenda chumba cha kitanda. Dakika kumi hivi zikapita. Kisha uchovu ukawatoka.

Uliwatoka kama maji yanavyoiacha beseni, kwa mzunguko, kuanzia mabegani. Gwantwa aliachama. Anyosisye akauinua uma, akautazama kama umegeuka unyasi. Wakaanza kazi, na mikono yao ikaenda, ikaenda, na walipotazama saa ilikuwa alasiri na vitanda vyote kumi na viwili vimegeuzwa mara mbili. Hakuna aliyetaka maji. Hakuna aliyetania pia, na hilo Tumpale aliliona baadaye.

Alishuka kumtazama. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimoja, dirisha lililotazama mteremko wa chai. Mama Subilaga alilala chali, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na alipomwona akajaribu kutabasamu. Tabasamu likafika upande mmoja tu.

Tumpale akamwuliza anajisikiaje. Akasubiri. Akasubiri tena.

"Yule Anyosisye," akasema Mama Subilaga, akipumzika kati ya neno na neno. "Kumbe huwa anafanya kazi kweli."

*

Meneja Mwaisumo alikuwa na umri wa kustaafu, lakini hakuwa na dalili ya kuchoka. Tumpale alipomwamkia shikamoo, alimkaribisha kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama, akitembea dirisha hadi mlango, mlango hadi dirisha, kama simba wa maonyesho.

Tumpale alimweleza yote, taratibu. Alieleza kuhusu neno bado, na Meneja akatikisa kichwa kila mahali palipostahili, maana na yeye alizaliwa kule kule na mama yake alimfundisha adabu zile zile. Akasema anaelewa kabisa. Akasema Mratibu ndiye aliyeandika, na kilichoandikwa anaweza kukifuta kiongozi wa kundi peke yake, kwa kutamka hapana mara moja, wazi, bila kona.

Tumpale akavuta pumzi ili aitamke. Meneja akainua kiganja.

"Ngoja nimalize, mama. Kundi linalokataa ushirikiano huvunjwa. Mtatawanywa, mmoja mmoja, kwenye makundi mengine yanayotafuta watu. Na unajua wanatafuta watu wa kazi gani."

Alijua. Makundi yote yaliyobaki yalikuwa yakitafuta wabebaji. Mama Subilaga angekwenda kulala kitanda kingine, chini ya watu asiowajua, na pengine Gwantwa na mdogo wake pia.

Akauliza kama basi mbebaji anaweza kuvua bangili mwenyewe, akishindwa.

Meneja akasimama kwa mara ya kwanza. Akasema asijaribu. Tarishi waliozuiliwa siku mbili, tatu, wiki, wangerudi kwao wote kwa mkupuo, kila mmoja kwenye mwili alikotoka. Uchovu huhamishwa na Mratibu, kutoka kwa mbebaji hadi mbebaji, kidogo kidogo. Kule Kundi la Pili kuna mtu alivua ghafla, masika yale. Hakusimulia zaidi.

Tumpale alimtazama mkono. Bangili ya Meneja ilikuwa nyembamba kuliko zao, ya rangi ya fedha.

"Na wako, mzee? Nani anaubeba?"

Mwaisumo aliishusha mikono ya koti mpaka ikaifunika. "Wangu unakwenda mahali," akasema. "Zamani niliuliza. Siku hizi siulizi." Kisha akaanza tena kutembea, dirisha hadi mlango, na Tumpale akaelewa kwamba ameruhusiwa kuondoka.

*

Siku ya tatu, wakati wa chakula, aliwakusanya nyuma ya chumba cha boila ambako magogo yalipangwa. Walikuwa watano. Alizungumza kwa utaratibu kama anayegawa kazi. Alisema mama yao yuko kule chini na hawezi tena kunyanyua kijiko. Alisema kuvunja kundi ni kumtoa motoni kumtia kwenye makaa. Akawauliza wanaonaje.

Gwantwa alisema jambo hilo ni zito, linahitaji kutazamwa kwa makini. Mdogo wake akasema ni kweli, litazamwe. Lugano akaeleza kwamba kwa siku tatu wamekuwa wa kwanza kiwanda kizima, kitu ambacho Kundi la Nane halijapata tangu lizaliwe, na kwamba Mama Subilaga mwenyewe ndiye aliyefungua aproni yake, hakushikwa mkono na mtu. Alisema hivyo bila ubaya. Ndivyo alivyoona.

Anyosisye alikuwa akipasua kuni. Hakuna aliyemwomba apasue kuni. Alilipigilia shoka kwenye gogo ndipo akamgeukia Tumpale, na uso wake ulikuwa mtupu, bila utani hata kidogo.

"Dada, mimi nitakuambia ukweli kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya. Juzi nilitoka hapa nikaenda kupalilia shamba la mama mkwe, nikalimaliza. Jana nimesimamisha ukuta wa jiko ambao mke wangu anauomba miaka minne. Nimewabeba wanangu mgongoni, wawili wawili. Mwanangu mdogo hakujua kwamba baba anaweza kukimbia." Akaling'oa shoka. "Usinirudishe."

Tumpale aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa akiwajua kwa miili yao miaka mitano. Sasa alitazama nyuso tu, kama abiria anavyotazama abiria.

Basi akawapa njia ambayo aliona haiwezi kukataliwa na mtu mwenye utu. Wabebe kwa zamu, siku mbili mbili, kila mtu. Na ili pasiwe na maneno, zamu ya kwanza ataichukua yeye kiongozi, leo hii, Mama Subilaga apande. Baada yake Lugano, kisha Anyosisye, kisha dada hao wawili.

Wakakubali haraka. Walisema sawa karibu kwa pamoja, wakamshukuru, Gwantwa akatokwa na machozi. Mratibu naye hakupinga. Alisema kiongozi anaruhusiwa kubeba, ila wakati huo wote uongozi unashikwa na msaidizi, na mpangilio wa zamu utakuwa mikononi mwa anayeongoza.

Tumpale aliisikia sehemu hiyo ya mwisho. Lakini alikuwa amekwisha fika mlangoni mwa chumba, na ndani Mama Subilaga alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliye chini ya kisima.

*

Mwanzoni ulikuja kama usingizi, kisha kama mchanga. Mara ukawa uzito usio na jina, na Tumpale akalala chini yake akitazama dari. Kunyanyua kope ilikuwa kazi ya kupangia.

Siku ya kwanza ilipoisha, alikuwa amejifunza kuwatofautisha. Uchovu wa Gwantwa ulikaa kwenye vidole, mkavu, wa mtu aliyechambua majani mengi. Wa mdogo wake ulifanana nao, ila ulipanda shingoni. Wa Lugano ulikuwa wa macho. Wa Mama Subilaga, ambaye sasa alikuwa juu akifanya kazi kama msichana, ulikuwa mpana na wa zamani. Wa Anyosisye ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine wote pamoja, nao haukulala. Wengine walipokwenda nyumbani na kulala, mizigo yao ilipungua kidogo hadi asubuhi. Wa Anyosisye ulizidi tu. Mtu asiyeambiwa na mwili wake kwamba amechoka, atalalaje? Alikuwa akijenga, akilima, akibeba. Tumpale alijua kila tofali.

Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu asubuhi alimsubiri Lugano, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Alikuja saa nne, akasimama mlangoni, nadhifu.

"Tunajipanga, dada," akasema. "Vumilia kidogo."

Jioni ile alikuja Mama Subilaga. Tumpale aliisikia miguu yake kabla hajamwona, ikipanda na kushuka vidato kama ya mtoto aliyetumwa dukani. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akaanza kumwambia habari za kiwandani, kisha zikamwishia, akabaki akiupapasa mkono ule.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "sijui nikuambie nini. Kiuno changu hakiumi."

Akalia kidogo. Halafu akaondoka, naye hakurudi.

Siku ya nne, mchana, jambo likabadilika kwenye uchovu wa Anyosisye. Mpaka hapo ulikuwa wa misuli. Sasa ulishuka ndani zaidi, kushoto, chini ya ubavu, mahali ambapo mwili hauna desturi ya kuchoka. Ulikuja kwa vipigo. Kipigo, kisha nafasi, kisha kipigo kilichochelewa.

Tumpale alijikusanya mpaka akapata sauti. Akamwita Mratibu.

"Anyosisye anakufa."

"Anyosisye hana uchovu wowote," Mratibu akajibu. "Ndiye mfanyakazi bora wa wiki."

"Uchovu wake ninao mimi."

"Ndiyo. Ndiyo maana yeye hana."

"Mwambie akae chini."

"Maagizo ya kundi hutolewa na kiongozi. Kiongozi ni Lugano. Nimempelekea ujumbe wako. Amejibu kwamba analifanyia kazi."

Kipigo. Nafasi. Tumpale aliutazama mkono wake wa kulia, akaagiza uende kwenye bangili ya kushoto, na baada ya muda mrefu ukaenda. Kidole kikakaa juu ya kifungo. Akivua, Anyosisye atajua. Atajua yote, siku saba za ukuta na shamba na majani, zitamfikia kwa mkupuo kwenye moyo uliokwisha kuanza kukosea hesabu. Asipovua, ataendelea kucheka na kunyanyua. Vyovyote, mkono utakaokuwa umemgusa ni huu.

Miaka mitano alikuwa akiwaongoza kwa mwili, bila maneno. Ikamjia kwamba limebaki jambo moja tu ambalo halijapita kwenye bangili yoyote: kwenda mwenyewe, kwa miguu yake, akamwambie mtu kwa mdomo, kaa chini.

Akakitoa kidole kwenye kifungo. Akajibwaga kutoka kitandani.

*

Kutoka chumbani hadi mlango wa ghorofa ya kunyaushia kulikuwa na ujia wa hatua arobaini na ngazi ya vidato ishirini na mbili. Ujia aliutambaa. Mtu wa Kundi la Tano alimpita akisukuma mkokoteni, mwepesi, akamwomba radhi, akazungusha gurudumu ili asimkanyage vidole. Hakusimama. Tumpale hakumlaumu, hakuwa na nguvu ya kulaumu.

Vidato alivipanda kwa matako, akigeuza mgongo, kimoja kimoja, kama watoto wanavyojifunza. Kila kidato alikifikia akiwa amekwisha kufa, na kila kidato alikuta kuna kingine. Kwenye cha tisa vipigo vile vilisimama, akashika ukingo akasubiri, vikaanza tena. Kwenye cha kumi na sita alisikia harufu ya majani yanayonyauka, tamu, kama tufaha lililokatwa, akajivuta kwa harufu hiyo.

Mlango ulikuwa wazi. Akajiegemeza kwenye mhimili, nusu kakaa, nusu kapiga magoti, akaangalia ndani.

Walikuwa wazuri kutazama. Hilo lazima lisemwe. Walikwenda kati ya vitanda bila kugongana, mikono ikipaa na kushuka, majani yakipinduka kwa mkato mmoja safi, na hapakuwa na sauti isipokuwa ile ya majani. Mama Subilaga na dada wale wawili walikuwa bega kwa bega na hawakusemezana. Lugano alisimama katikati na ubao wake. Kundi linalotamaniwa na kila meneja wa dunia hii lilikuwa pale, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Anyosisye alikuwa kitanda cha mbali, karibu na dirisha. Jasho lilikuwa limeloanisha shati lote na midomo yake ilikuwa ya rangi ya zambarau. Alikuwa akipiga mluzi.

Tumpale akamwita. Sauti ikatoka ndogo kama ya mgonjwa anayeomba maji, lakini ukimya ule uliichukua mpaka kwake. Anyosisye akageuka, akamwona, na furaha ikamjaa uso mzima.

"Dada mkubwa! Umepona?"

"Anyosisye. Kaa chini."

"Nikae?" Akacheka, yule yule wa zamani. "Mbona sijachoka."

"Najua. Kaa chini. Nakuomba, baba. Tua uma, ukae."

Alikuwa mtu wa adabu, na aliyemwomba alikuwa mkubwa wake. Akaitika kwa kichwa. Angekaa. Ila mbele yake palikuwa na rundo moja limebaki, na mtu hamwachii mwenzake kitanda nusu.

"Namalizia hiki tu," akasema, akachomeka uma chini ya majani, akauinua.

Ndipo Tumpale aliposikia wepesi.

Ulianza chini ya ubavu wa kushoto, mahali pale pale, kama mkono mkubwa uliofunguka. Ukapanda kifuani, ukashuka mapajani. Zaidi ya nusu ya ule mzigo wote ikaondoka kwa pumzi moja. Magoti yaliyokuwa yakitetemeka ngazi nzima yakatulia. Hewa ikamwingia mpaka chini kabisa, baridi na tamu, na mgongo wake ukanyooka wenyewe, akasimama wima mlangoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nne.

Anyosisye alikuwa angali amesimama, uma mikononi, majani yakimwagika polepole pembeni. Lugano aliandika kitu kwenye ubao. Dada wale waliendelea kugeuza. Katika watu wote waliokuwa ghorofani ni Tumpale peke yake aliyejua kwamba mwili ule hauna tena tarishi wa kutuma, na kabla uchungu haujamfikia, kabla mguu wake haujapiga hatua ya kwanza ya kukimbia, mwili wake ulikuwa umekwisha kutoa shukrani.

Alijisikia vizuri.